Kufyatua tofali: shajara ya maswali ya Step 2 CK

Jumatatu, 2 Juni 2025. Tofali 0

Nimelipia benki ya maswali kwa siku 90. Ujumbe wa benki nyingine, ile ya fedha, uliingia saa nne usiku, nikauangalia kwa muda kama naangalia majibu ya damu ya ndugu yangu. Basi, imeshakatwa.

Kwa asiyeujua, Step 2 CK ni mmoja wa mitihani ya USMLE ambayo daktari anayetafuta leseni Marekani anaivuka, awe kasoma Boston au Muhimbili. Kwa mwaka huu wa 2025 ni siku moja ya saa tisa: vipindi vinane vya dakika 60, kila kipindi maswali yasiyozidi 40, jumla hayazidi 318. Step 1 niliipita mwaka jana. Ile tangu Januari 2022 haitoi alama, inakwambia tu umefaulu au hukufaulu, na ndiyo maana hospitali zinazochagua madaktari sasa zimekodoa macho kwenye alama ya Step 2.

Kipindi kimoja cha maswali 40 tunakiita tofali, mimi na mwenzangu wa kusoma. Ni dada niliyemaliza naye chuo, sasa yuko Mbeya, mimi niko Tanga. Yeye keshafyatua 31. Mpango wangu ni tofali moja kila siku kwa siku 90. Mtu mwenye zamu za usiku akiusoma mpango huo atacheka, lakini huwezi kuanza bila kuandika kitu.

Daftari la makosa lina safu tatu. S ni sikujua. H ni haraka: nilijua, ila sikusoma vizuri. G ni niligeuza, yaani nilikuwa na jibu sahihi nikalikimbia. Kila swali nililokosa linapata herufi moja.

Jumatano, 4 Juni. Tofali 2

19 kati ya 40, kisha 21.

Nusu ya jasho langu leo ni la vipimo. Sukari 126! Nimeruka kwenye kiti kabla ya kukumbuka kwamba Wamarekani wanahesabu kwa miligramu, na hiyo 126 ndiyo milimoli 7.0 ya kwetu. Unagawanya kwa 18. Kreatinini unazidisha kwa 88, kalsiamu unagawanya kwa 4. Una sekunde 90 kwa swali, na 15 kati ya hizo nazimalizia kwenye kugawanya kama mwanafunzi wa darasa la tano.

Halafu dawa. Kuna swali limeniuliza kuhusu albuterol nikalipita, nikarudi, nikalipita tena. Ni salbutamol. Paracetamol ni acetaminophen, adrenalini ni epinephrine, glibenclamide ni glyburide. Mgonjwa mwenye pumu nimemtibu mamia ya mara, leo nimemwacha afe kwa sababu ya jina la dawa. Nimebandika orodha ukutani juu ya ndoo ya maji, nitakapoiona kila ninapooga.

Jumapili, 8 Juni. Tofali 6

Jumapili ni siku ya simu na Mbeya. Tunasomeana maswali tuliyokosa.

Nimemsomea hili: mwanamume wa miaka 34, anaishi Connecticut, Marekani, wiki iliyopita alikuwa kambini msituni. Ana homa, uchovu, viungo vinauma, na pajani ana duara jekundu lililopauka katikati, linatanuka kila siku. Ufanye nini? Mimi nilichagua kupima damu kwa darubini kutafuta vimelea. Jibu ni doxycycline, papo hapo, bila kipimo chochote: ni ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe, na lile duara peke yake linatosha. Ukipima kingamwili mapema namna hiyo mara nyingi hazionekani bado.

"Umeandika herufi gani?" akaniuliza.

"S. Lyme sijawahi kuiona maishani."

"Usinidanganye, kaka. Tuliisoma, na wewe ndiye uliyenichorea lile duara kwenye daftari langu mwaka wa nne. Hukukosa kwa kutojua. Umemtibu mtu wa Tanga."

Nimekaa na hilo neno. Homa ikiingia chumbani kwangu, mkono unaenda kwenye kipimo cha malaria kabla mgonjwa hajakaa. Nimerudi nyuma kwenye tofali zote sita na kuongeza safu ya nne: K, kwetu. Maana yake, jibu hili lingekuwa sahihi kama mgonjwa angekuwa amelala kwenye wodi yangu. Kati ya makosa 107, K ziko 29. Nilidhani zingekuwa tano au sita.

Jumatano, 11 Juni. Tofali 9

K ya leo ina ladha yake. Kijana wa miaka 28, amehamia Marekani miaka miwili iliyopita kutoka nchi yenye kifua kikuu kingi, alichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, haumwi chochote, anataka kazi hospitalini. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kimevimba milimita 12.

Nimesoma mpaka mwisho ndipo nikagundua kwamba namsoma mimi mwenyewe. Kovu la BCG ninalo begani, kazi ya hospitali ndiyo ninayoitafuta. Na bado nimemkosa! Nimemtuma akateme makohozi tupime GeneXpert, mashine inayotafuta kifua kikuu kwenye makohozi, mtu asiyekohoa.

Wao wana ngazi tatu. Milimita 5 zinatosha kwa mwenye VVU, aliyepandikizwa kiungo au anayeishi na mgonjwa. 10 kwa aliyehamia karibuni kutoka nchi kama yetu na kwa mfanyakazi wa afya. 15 kwa asiye na sababu yoyote. Huyu 12 zake zinahesabika. Hatua inayofuata ni picha ya kifua kuhakikisha hana ugonjwa wenyewe, kisha dawa za kinga. Kama bado hujampima, kwa aliyechanjwa BCG bora kipimo cha damu, maana chanjo huvuruga kile cha ngozi.

Jumatano, 18 Juni. Tofali 15

Takwimu. Siku zote nilizikwepa, leo nimezifyatua tofali nzima, 33 kati ya 40, alama yangu kubwa mpaka sasa. Hesabu haina Tanga wala Connecticut.

Ila swali moja limeniingia kwa namna ambayo mtungaji wake hakukusudia. Linahusu kipimo chenye unyeti wa asilimia 90 (kinanasa 90 kati ya wagonjwa 100) na umahususi wa asilimia 90 (kinawaachia 90 kati ya wazima 100), ukikipeleka sehemu mbili tofauti. Nimelifanya upya kwenye daftari kwa namba zangu.

Chukua wagonjwa 1,000 wenye homa. Tuseme kwetu msimu wa mvua 400 kati yao wana malaria kweli. Kipimo kitawanasa 360. Kati ya 600 wasio nayo, kitadanganya kwa 60. Jumla ya majibu chanya ni 420, ya kweli 360, kama asilimia 86. Sasa peleka kipimo kilekile mahali ambapo wenye ugonjwa ni 10 tu kati ya 1,000. Kitanasa 9, kitadanganya kwa 99. Jibu chanya ni la kweli kwa asilimia 8.

Kipimo hakijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni watu waliokaa kwenye benchi nje.

Nimempigia mwenzangu saa tano usiku kumsomea hesabu hiyo. Kasema, "Shikamoo mwalimu, naomba nilale." Lakini ndiyo K yangu hiyo. Mkono wangu haujakosea kwenda kwenye kipimo cha malaria. Umefundishwa na benchi la Tanga, na benchi la Tanga halikuufundisha vibaya. Mtungaji wa swali ana benchi lake. Kabla ya kuangalia machaguo nitakuwa nauliza: nani wengine wamekaa na mgonjwa huyu?

Nimeanza kupigia mstari maneno mawili ya kwanza katika kila kisa: umri na mahali.

Jumanne, 1 Julai. Tofali 24

Jumamosi nilifanya mtihani wa kujipima wa NBME, bodi inayotunga mitihani hii. Nimepata 216. Alama ya kufaulu ilikuwa 214, na kuanzia leo, 1 Julai, imepanda kuwa 218. Jana nilikuwa nimefaulu kwa alama mbili, leo nimefeli kwa alama mbili, na katikati nimelala tu.

Wengi wanaotafuta nafasi wanalenga 250 hivi. Sitaki kuizungumzia 250 leo.

Alhamisi, 10 Julai. Bado 24

Hakuna. Zamu za usiku sita mfululizo, mwenzetu mmoja anaumwa. Umeme ulikatika Saba Saba nikiwa swali la 17, simu ikazima, nikalala na viatu.

Jumapili, 13 Julai. Tofali 27

Hili si la benki ya maswali, ila nitaliandika hapa.

Juzi usiku ameletwa mtoto wa miaka mitatu kutoka upande wa Pangani. Homa siku ya tano. Kipimo cha haraka cha malaria chanya, keshamaliza dawa mseto, homa iko palepale, 39.4. Midomo mikavu imepasuka, macho mekundu. Daktari tarajali niliyekuwa naye zamu akasema tubadilishe, tumpe sindano ya artesunate, malaria imegoma.

Na mimi, baada ya tofali 26, nikaona kitu kingine kabisa. Siku tano, macho mekundu, midomo iliyopasuka: Kawasaki, ule ugonjwa wa watoto unaoshambulia mishipa ya damu! Kichwani nikaanza kusoma maelezo yake kama kanda: immunoglobulini ya mshipani, aspirini, ultrasaundi ya moyo kuangalia mishipa. Hiyo immunoglobulini hatuna. Nikaanza kuwaza nimpeleke wapi, kwa gari gani.

Ndipo mama yake akachukua ncha ya kanga akamfuta mtoto macho. Alifuta matongo. Akafuta tena.

Kwenye maelezo ya swali la wiki tatu nyuma kulikuwa na mstari mmoja ambao nusura niuruke: macho ya Kawasaki ni mekundu lakini makavu. Haya yalikuwa yanatoka uchafu, na pua inachuruzika, na mtoto anakohoa. Nikamwomba sista tochi, nikamfunua shavu kwa ndani. Vidoadoa vyeupe vidogo, kama chembe za chumvi, mkabala na magego. Kadi ya kliniki ilikuwa na chanjo ya surua ya miezi 9. Mstari wa miezi 18 ulikuwa mtupu. Asubuhi upele ulikuwa umeanza nyuma ya masikio.

Surua. Tumemtenga, tumempa vitamini A, uniti 200,000, na nyingine siku iliyofuata, tumetoa taarifa wilayani. Na kile kipimo cha malaria? Kinanasa protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kimelea chenyewe kufa. Chanya yake ilikuwa ya ugonjwa uliokwisha.

Daktari tarajali kaniuliza nilijuaje. Nimemwambia ukweli: dakika kumi kabla nilikuwa natafuta gari la kumpeleka mtoto kwa ugonjwa asiokuwa nao.

Daftarini nimeshindwa kuandika herufi.

Jumapili, 27 Julai. Tofali 41

Alama zimepanda: 27, 29, 26, 30. K zimeshuka, sasa ni mbili au tatu kwa tofali. Nilipofika kwenye maadili, zikarudi zote.

Swali lenyewe: mzee wa miaka 74, saratani ya kongosho imegundulika, mwenyewe hajaambiwa. Mwanawe wa kwanza anamfuata daktari koridoni na kumwomba asimwambie baba, maana atakata tamaa. Mzee ana akili timamu. Ufanye nini?

A, ingia umwambie mzee mara moja. B, heshimu ombi la familia. C, muulize mwana anahofia nini, kisha umuulize mzee mwenyewe anataka kujua kiasi gani. D, ita kamati ya maadili. E, mpe rufaa kwa daktari mwingine.

Nimebonyeza B bila hata kufikiri. Jibu ni C.

Nimeandika K, nikaifuta.

Mwaka 2014 nilikuwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita. Babu alilazwa, akapigwa picha, na daktari akamwita baba mkubwa nje ya chumba. Waliongea chini ya mwembe, mimi niko mbali nimeshika chupa ya uji. Baba mkubwa alirudi akatuambia sote neno moja: vidonda vya tumbo. Kwa babu ni vidonda vya tumbo, na kwa yeyote atakayeuliza. Babu aliishi miezi minne. Aliniuliza mara mbili, mara zote tukiwa wawili tu, "Hivi vidonda gani hivi visivyosikia dawa?" Mara ya kwanza nilimwambia vitapona. Mara ya pili nilijifanya natafuta kijiko.

Sitaki mtu asome hapa akadhani namlaumu baba mkubwa. Aliuza ng'ombe wawili, alilala kwenye kibaraza cha hospitali wiki tatu, yeye ndiye aliyemwogesha. Kwetu anayebeba mzigo ndiye anayebeba na habari, na ukimwambia kwamba habari ile ni mali ya mgonjwa peke yake atakuona umelelewa vibaya. Wodini nafanya hivyohivyo kila wiki: natafuta nani ni msemaji wa familia kabla sijafungua mdomo.

Lakini nimeisoma C mara nyingi usiku huu, na haisemi nilichodhani inasema. Haimfukuzi mwana. Inaanza naye: muulize anaogopa nini. Halafu inamwendea mzee, na hata huko haimmwagii habari, inamuuliza anataka kiasi gani. Kuna wazee watakaojibu "zungumza na mwanangu huyu," na hilo ni jibu halali kabisa, na limetoka kwake mwenyewe. Babu hakuulizwa. Pengine angesema hivyohivyo, zungumza na mwanangu. Aliniuliza mimi mara mbili, basi sijui.

Mwenzangu kwenye simu: "Andika K tuendelee, dokta, muda unakwenda."

Sijaandika K. Ukimya huo sitauita sahihi hata kwetu, na S nayo haiwi. Kisanduku kimebaki kitupu.

Jumapili, 10 Agosti. Tofali 54

Wiki ya uchunguzi wa mapema, kabla dalili hazijaonekana, kukariri tu. Utumbo mpana kuanzia miaka 45. Matiti kuanzia 40, kila miaka miwili. Mapafu kwa wavutaji wa miaka 50 hadi 80 waliofikisha pakiti-miaka 20, yaani pakiti moja kila siku kwa miaka 20, au mbili kwa miaka 10. Mshipa mkubwa wa tumboni kwa wanaume wa 65 hadi 75 waliowahi kuvuta. Shingo ya kizazi kuanzia 21, kwa kile kipimo cha kukwangua seli. Sisi tunapaka siki na kutazama kwa jicho, na mkono wangu uliandika siki.

NBME ya pili: 237.

Mama kapiga simu leo. "Mwanangu, huo mtihani si uliufanya mwaka jana?" Nikamwambia ule ulikuwa wa kwanza, huu wa pili. "Na ukiisha huu?" Kuna wa tatu, mama. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nakula.

Jumamosi, 30 Agosti. Tofali 71

Siku ya 90. Akaunti inafungwa saa sita usiku. Tofali 71 kati ya 90, maswali 2,840. Mwenzangu kamaliza zote na kuanza kurudia, lakini yeye anakunywa kahawa ya Mbozi, hiyo si haki.

Daftari limekwisha kurasa. Tofali tano za mwisho: makosa 51, S 24, H 17, G 6, K 4. H ndizo zinazoniuma sasa. Nasoma haraka mno mstari wa mwisho wa swali, hasa lile neno dogo la "kwanza". Hatua ya kwanza na hatua bora si kitu kimoja: mwenye hewa inayombana kifuani, shinikizo la damu limeshuka, bomba la hewa shingoni limesukumwa upande, unamchoma sindano kabla hujawaza picha. Hilo nalijua usingizini, na juzi nimemtuma rediolojia.

Tarehe ya mtihani nimeshaweka, wiki sita zijazo. Kilichobaki ni kurudia makosa niliyoyanakili kwa mkono.

Usiku huu, saa tano na nusu, nimeiambia benki inipe maswali niliyokosa zamani, kumi tu, yaliyochanganywa. La saba likawa la yule mzee na mwanawe. Ni mara ya tatu ananitokea. Mara ya pili, katikati ya Agosti, nilijibu A kwa hasira.

C. Sahihi. Saa ya pembeni inaonyesha nimekaa nalo dakika nne na sekunde kumi.